Kanisa Dogo la Bagamoyo na Watu Waliokosa pa Kurudi



Katika mkutano wetu ujao tutaamua jambo moja ambalo limetugawa. Tukinunua shamba kwa pesa ya fuko letu, liandikwe kwa jina la nani? La chama, ama la kila familia? Kabla ya kunyosha mkono, tumeona vizuri tukumbushane historia ya kanisa moja dogo la misioni, mbali na hapa, kwenye pwani ya Tanzania. Watu wa kanisa lile walijiuliza swali kama letu, na jibu lao liliwagharimu.

Bagamoyo ni mji wa Bahari ya Hindi, unatazamana na Unguja. Katika karne ya 19 njo ulikuwa mwisho wa njia ndefu ya misafara: kutoka Nyangwe katika Maniema, kuvuka ziwa letu mpaka Ujiji, kupita Tabora, mpaka baharini. Pembe za ndovu zilishuka kwa njia ile, na watu pia. Waliotoka upande wetu waliitwa Wamanyema tu, hata kama kila mmoja alikuwa na kabila lake na kijiji chake. Jina la mji wengi wanalieleza hivi: bwaga moyo. Mpagazi alisema kwa furaha, maana mzigo umefika. Mtumwa alisema kwa uchungu, moyo ubaki huku maana mwili unavushwa. Maelezo yote mawili yanasimuliwa hata leo, na sisi tuliopanda meli pale Kigoma kurudi Baraka tunayaelewa yote mawili.

Mapadri wa Roho Mtakatifu, Wafaransa, walikuwa wamekwisha kufika Unguja. Mwaka 1868, wakiongozwa na Padri Antoine Horner, walivuka wakafungua misioni nje kidogo ya mji, kwa idhini ya Sultani Majid. Tusisahau hapo: mji ulikuwa wa Waislamu, na wenyeji wale njo waliwaacha wageni wakae. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kikali kilibomoa misioni, wakaanza upya. Kanisa la kwanza ni la mwaka huohuo wa 1872. Lilikuwa dogo, na leo umebaki mnara wake.

Ndani ya kanisa lile walikaa nani? Wengi walikuwa watoto. Wa kwanza walinunuliwa na mapadri wenyewe kwenye soko la watumwa la Unguja. Soko lilipofungwa mwaka 1873, wengine waliletwa baada ya manowari za Waingereza kuwakamata katika majahazi. Walifika bila baba wala mama, kila mmoja na lugha yake, na Kiswahili kikawaunganisha. Walifundishwa kusoma, useremala, uhunzi, kujenga, kushona, kulima. Waliokua walioana, wakapewa nyumba na kipande cha kulima katika kijiji kilichoitwa kijiji cha uhuru. Minazi mingi ilipandwa, na vanila pia.

Hapa tuseme ukweli wote, juu ya historia isiyo na uchungu haitusaidii. Wazuri walikuwa wazuri: mapadri na masista wengi walikufa wangali vijana kwa homa, na makaburi yao yako palepale. Lakini kijiji cha uhuru hakikuwa na uhuru wote. Ardhi ilikuwa ya misioni. Kengele ya misioni iliwaamsha, sheria za misioni ziliwaongoza, na kazi katika mashamba ya misioni ilikuwa wajibu. Mapadri walipofungua misioni mpya bara, kama Mhonda mwaka 1877, familia changa zilitolewa Bagamoyo zikaanze tena kule. Wengine walikubali kwa moyo. Wengine walitoroka. Mtu aliyekombolewa, akalishwa, akafundishwa kazi, halafu anatoroka usiku: huyo si mtu wa kutukana. Ni mtu wa kusikilizwa. Alikuwa na tumbo lililoshiba, na hakuwa na mahali pa kusema hapa ni pangu.

Kuna jambo jingine la kanisa lile ambalo dunia inalikumbuka. Februari 1874 mwili wa David Livingstone uliwekwa pale usiku mmoja, kabla ya kupelekwa Unguja na kisha Uingereza. Huyu njo Livingstone aliyeona kwa macho yake mauaji ya soko la Nyangwe, Julai 1871. Mwili wake ulibebwa miezi na miezi kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, na Susi, Chuma na wenzao. Lakini Livingstone alipozikwa London kwa heshima kubwa, Susi na Chuma hawakuwepo. Waliletwa Uingereza baadaye, kaburi limekwisha kufungwa. Waliobeba wanasahauliwa haraka, njo maana tunawataja hapa.

Sasa tusogee upande wetu. Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Mapadri Weupe uliondoka Bagamoyo kwenda maziwa makuu. Mwanzo wa 1879 walifika Ujiji. Mwaka 1880 walivuka wakafungua misioni ya Mulweba katika nchi ya Masanze, na mwaka 1883 Kibanga, karibu na Ubwari. Wazee wa Fizi wanajua sehemu hizi. Kibanga pia ilikusanya watoto waliokombolewa, kwa mfano uleule wa pwani. Kumbe Bagamoyo si habari ya wengine. Njia iliyopeleka watu wetu baharini njo hiyohiyo iliyoleta misioni kwenye ziwa.

Misioni ya Bagamoyo iliendelea. Wakati wa vita vya Bushiri na Wajerumani, kuanzia 1888, maelfu ya watu wa mji walikimbilia ndani ya uwanja wake, Waislamu na Wakristo. Waliopokelewa jana wakawa wapokeaji. Mwaka 1914 kanisa kubwa jipya lilikamilika, na lile dogo likabaki ukumbusho.

Tunatoa fundisho gani? Kwanza, kupokea mtu ni kazi ya kweli. Sisi tulioishi kwa mgao wa unga na maharage tunajua thamani ya mkono uliotupa, na hatuudharau. Lakini pili, kupokelewa si mwisho. Tuko na wanachama waliorudi tangu 2005, bashi ilibadilishwa ikawa mabati, na bado wanalima shamba la kukodi. Mwenye shamba akikasirika, wanahama. Hao wamefika, ila hawajarudi bado.

Kwa hiyo komite inapendekeza hivi. Shamba likinunuliwa, chama kisiwe misioni ya pili. Kila familia iandikwe kipande chake, jina la mume na la mke pamoja, na mjane aandikwe jina lake mwenyewe, si la shemeji. Chama kibaki na kipande kimoja tu, cha shamba la pamoja, kwa ajili ya wagonjwa na yatima.

Tunajua hofu ya wengine, nayo si ndogo: mtu akipewa karatasi, kesho atauza. Inawezekana. Lakini yule wa Bagamoyo aliyetoroka usiku hakuwa na kitu cha kuuza, na aliondoka vilevile. Njooni mkutanoni na mawazo yenu, tuongee mpaka tuelewane.