Hatamu na Ukanda wa Kichwa cha Farasi: Malighafi na Usalama

Ukanda wa kichwa huvishwa farasi au punda ili aongozwe kwa miguu au afungwe mahali. Hauna chuma cha mdomoni. Hatamu hutumika kumwendesha mnyama aliyepandwa au anayevuta mkokoteni. Ina lijamu, yaani chuma kinachokaa kwenye ufizi mtupu kati ya meno ya mbele na magego, pamoja na vigwe vinavyoshikwa na mpandaji. Vifaa vyote viwili hulala juu ya mifupa na neva zilizofunikwa na ngozi nyembamba. Kwa hiyo malighafi yake haitakiwi kuchubua, na ile ya ukanda wa kichwa hutakiwa pia kukatika kabla mnyama hajaumia.

Umuhimu wa kukatika

Farasi aliyefungwa akishtuka hurudi nyuma kwa uzito wake wote, ambao kwa farasi wengi wa kupandwa ni kati ya kilo 400 na 600. Ukanda usiokatika huelekeza nguvu hiyo utosini, nyuma ya masikio. Mnyama huweza kuumia kano na misuli ya shingo, au kuanguka kinyumenyume na kuvunjika mfupa wa chini ya fuvu. Malishoni nako ukanda hunasa kwenye nguzo ya ua, na farasi anayejikuna huweza kuingiza ukwato wa nyuma ndani yake. Ndiyo maana ukanda huvuliwa kazi inapokwisha.

Ngozi

Ngozi ya ng'ombe ndiyo malighafi ya tangu zamani. Ile ya hatamu kwa kawaida husindikwa kwa dawa za mimea, mojawapo ikiwa dawa ya magome ya miwati, miti iliyopandwa kwa wingi Njombe nchini Tanzania na katika nyanda za juu za Kenya. Ngozi hulainika kadiri inavyotumika, hufuata umbo la kichwa, na hukatika ikizidiwa na mvuto. Udhaifu wake ni kutaka matunzo: jasho huikausha na kuipasua, na unyevunyevu huiotesha kuvu. Hufutwa kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni ya ngozi, kisha hupakwa mafuta kiasi. Mafuta yakizidi, ngozi hulegea.

Nailoni na plastiki

Nailoni, iliyobuniwa Marekani katika kampuni ya DuPont mwaka 1935, ni rahisi kwa bei, huoshwa kwa maji na haiozi. Lakini haikatiki kwa urahisi, na huyeyuka kwenye joto la nyuzi 220 hadi 265 za Selsiasi kutegemea aina yake, hivyo banda likishika moto huweza kugandamana na ngozi ya mnyama. Ukanda wa nailoni unaofaa ni ule wenye kipande cha ngozi utosini, ambacho hukatika kwanza na kubadilishwa kwa gharama ndogo. Kanda za poliesta zilizofunikwa kwa plastiki hustahimili jasho na mvua, ila nazo huhitaji kipande cha namna hiyo zinapotumika kumfungia mnyama.

Kamba

Kamba nyembamba zenye mafundo hukusanya mgandamizo mahali padogo. Hufaa kufundishia mnyama chini ya uangalizi, si kumfungia. Kamba ya katani huchubua pua na mashavu, hasa ya punda wanaobeba mizigo kutwa. Punda pia huhitaji kipimo chake, kwa kuwa masikio yake ni makubwa na ukanda wa paji la uso uliokatwa kwa ajili ya farasi humbana.

Vyuma

Bizimu na pete za shaba nyeupe au chuma cha pua hudumu. Zile za chuma kilichopakwa rangi ya kung'aa tu hubanduka na kushika kutu. Lijamu ya chuma cha pua husafishika vizuri. Ya shaba nyekundu ni laini, hivyo hukaguliwa mara kwa mara isije ikaota makali.

Kukaa kichwani

Neva ya uso hupita shavuni karibu kabisa na ngozi. Bizimu ikiigandamiza kwa muda mrefu, mdomo wa farasi huweza kupooza upande mmoja. Kwa sababu hiyo madaktari wa mifugo huvua ukanda wanapomlaza farasi kwa dawa ya usingizi. Ukanda wa pua wa hatamu huachiwa nafasi ya vidole viwili juu ya mfupa wa pua. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi (FEI) lilianza kuipima nafasi hiyo kwa kifaa maalumu.

Ukaguzi

Kabla ya kila matumizi huangaliwa mishono, mikunjo inayozunguka bizimu, na ncha za lijamu. Ngozi yenye nyufa kwenye vigwe haifai kupandia, kwani kigwe kikikatika safarini mpandaji hupoteza uwezo wa kumwongoza farasi. Mwenye uwezo wa kununua ukanda mmoja tu achague wa ngozi, au wa nailoni wenye utosi wa ngozi.