Kila Ubovu na Mwaka Wake: Historia ya Chenso Kuukuu

Chenso ya zamani isipowaka, asiyeijua huvuta kamba mpaka bega limlegee, kisha huitupa pembeni na kuilaani. Mkusanyaji huanza kwa kuuliza imetengenezwa lini. Haulizi kwa kujionyesha. Mashine ya 1950 ina maradhi yake na ya 1965 ina yake, na fundi anayejua tarehe amekwisha kujua nusu ya tatizo kabla hajashika bisibisi. Ndiyo maana nasema historia ya msumeno wa mnyororo husomeka vizuri zaidi katika mambo yanayoharibika kuliko katika matangazo ya viwanda. Tangazo halitaji kasoro, lakini chuma hakiwezi kuificha.

Wanaopenda kushtua watu husema chenso ilibuniwa kwa ajili ya kuzalisha wanawake. Kuna ukweli ndani yake, ila si wote. Mwishoni mwa karne ya 18, madaktari wawili wa Scotland, John Aitken na James Jeffray, walitumia mnyororo mwembamba wenye meno, ulioshikwa ncha mbili na kuvutwa kwa mkono huku na huku. Ulikata mfupa uliooza kwenye kiungo, na pia ulitumika kupanua nyonga ya mzazi aliyekwama. Haukuwa na injini wala haukuzunguka. Wa kwanza kuuzungusha mnyororo kwenye bamba alikuwa Mjerumani Bernhard Heine wa Würzburg, mwaka 1830, naye pia alikusudia mifupa. Daktari alizungusha mpini, na meno madogo yakapita ukingoni mwa bamba. Ukikiona chombo hicho pichani, umbo la chenso utalitambua mara moja.

Kutoka kwenye mfupa hadi kwenye gogo ilipita miaka 75. Mwaka 1905 Samuel Bens wa San Francisco alipewa hataza ya msumeno wa mnyororo usio na mwisho, akilenga miti mikubwa ya redwood ya California. Wazo lilikuwa zuri, ila nguvu ya kuliendesha ndiyo iliyokosekana. Injini za petroli za enzi hizo zilikuwa nzito, na porini hakuna umeme.

Andreas Stihl alianza na umeme hata hivyo. Kampuni yake aliianzisha Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1926, na msumeno wake wa kwanza ulikuwa mzito, ukibebwa na watu wawili na kutumika zaidi pale magogo yanapokusanywa. Mwaka uliofuata Emil Lerp akapandisha mashine yake ya petroli kwenye mlima uitwao Dolmar, huko Thuringia, akaijaribu huko, na jina la mlima likawa jina la kampuni. Mashine hiyo ilikuwa na kilo 58. Stihl akajibu mwaka 1929 kwa mashine ya petroli ya kilo 46. Vijana wawili wenye misuli waliibeba mlimani wakatokwa jasho, na mti wa kwanza hawajaugusa.

Mashine hizi za watu wawili ndizo ndoto ya wakusanyaji wengi, na ndizo zinazowatesa. Kabureta zake ni za boya, kama za pikipiki: petroli hukaa kwenye kikombe kidogo na boya hufunga njia kikombe kikijaa. Pikipiki husimama wima, kwa hiyo hakuna shida. Msumeno haufanyi hivyo. Ukiulaza ubavu ili ukate shina chini, boya linapoteza mizani, petroli inafurika au inakatika. Wahandisi wa wakati ule walilikwepa tatizo kwa kuweka kiungo kati ya injini na bamba: injini inabaki wima, bamba ndilo linaloinamishwa. Kwa hiyo mtu akikwambia chenso yake kuukuu inazima kila akiilaza, kwanza angalia kama ina kabureta ya boya. Ikiwa nayo, haijaharibika. Ndivyo ilivyozaliwa.

Vita Vikuu vya Pili vilikata njia ya bidhaa za Ujerumani. Wakata miti wa Amerika Kaskazini, ambako mbao zilitakiwa kwa wingi mno, wakabaki na mashine zisizo na spea. Viwanda vya Vancouver, Canada, na vya Marekani vikaingia kazini, vikianza kwa kuiga umbo la Kijerumani na kisha kwenda njia zao wenyewe. Vita vilipokwisha, biashara ilikuwa imehama bara.

Mnyororo wenyewe ulikuwa bado mbovu. Meno yake yalikwaruza mti kama msumeno wa mkono, yakatoa unga badala ya vipande, na kuyanoa kulikuwa kazi ya nusu siku. Mwaka 1946 mkata miti wa jimbo la Oregon, Joseph Cox, alikuwa akipasua kuni akaona buu wa mbawakawa akitafuna gogo. Buu yule alikuwa na taya mbili zilizopinda, akila mti kwa urahisi kwenda na nyuzi za mti na kuzikata kwa ubavu pia. Cox akatengeneza meno yenye umbo la taya zile, moja likielekea kushoto na lifuatalo kulia. Mwaka 1947 akaanza kuyauza kutoka Portland. Minyororo tunayoiona leo imetokana na meno hayo. Visa vingi vya uvumbuzi vinavyosimuliwa hivi hutiwa chumvi, lakini hiki mtu anaweza kukipima mwenyewe: achukue jino la mnyororo, alitazame kwa ubavu, na taya ya buu ataiona.

Meno hayo ndiyo yaliyompa fundi kipimo chake rahisi kuliko vyote. Mnyororo mkali hutoa vipande vya mbao vinavyoonekana kwa macho. Mnyororo butu hutoa unga. Mwenye chenso inayotoa unga akaanza kulalamikia nguvu ya injini anapoteza muda wake. Anachohitaji ni tupa ya mviringo na robo saa ya utulivu.

Mwaka 1949 Robert McCulloch alitoa modeli yake ya 3-25, iliyobebwa na mtu mmoja, yenye uzito wa ratili 25, yaani kilo 11 na kitu. (Huyu ndiye aliyenunua daraja la London mwaka 1968, akalivunja jiwe kwa jiwe na kulijenga upya jangwani Arizona. Mtu asiyeogopa uzito.) Mwaka 1950 Stihl naye akatoa BL ya mtu mmoja. Mashine nyingi za mtu mmoja zilisaidiwa na kitu kidogo ambacho hakionekani kwa nje: kabureta ya utando. Badala ya boya, utando mwembamba wa mpira hupanda na kushuka kwa msukumo wa hewa na kuruhusu petroli ipite. Hauna habari na juu wala chini. Chenso sasa iliweza kukata ikiwa imelala au imepinduliwa, na kile kiungo cha bamba kikatoweka.

Hapo ndipo ugonjwa mkuu wa chenso za miaka ya 1950 na 1960 ulipozaliwa. Mpira huzeeka. Utando uliokuwa laini hukakamaa kama karatasi iliyolowa ikakauka, na mipira ya petroli hupasuka au kuyeyuka ndani kwa ndani, hasa petroli ya siku hizi inapochanganywa na pombe. Dalili yake haibadiliki: ukimwagia petroli kidogo kwenye koo la kabureta inawaka sekunde tatu, kisha inazima. Moto wa plagi upo, kompresheni ipo, petroli tu haivutwi. Bahati njema, kabureta za Tillotson za aina ya HL zilitumika kwenye chapa nyingi mno, na vifurushi vya utando na gaskiti zake bado vinauzwa. Ni jambo la nadra kwa kitu chenye miaka 60.

Wavuvi wa mwambao wetu wanaotumia mashine za boti za mipigo miwili wataielewa chenso hii bila mwalimu. Ni injini ileile: oili inachanganywa na petroli, haina tangi la oili la ndani. Tofauti iko kwenye kipimo. Chenso nyingi za miaka ya 1950 zilitaka sehemu moja ya oili kwa 16 za petroli, kwa sababu oili za wakati huo zilikuwa za kawaida tu. Oili za leo ni bora, na wakusanyaji wengi hutumia moja kwa 32. Moja kwa 50 ya chenso mpya ni kuichezea bahati mashine ambayo pistoni yake haina mbadala.

Kabla ya kuivuta kamba mara ya kwanza, fungua bomba la moshi. Ni skrubu mbili au tatu, na nyuma yake kuna tundu ambalo kupitia humo pistoni inaonekana. Zungusha injini polepole kwa mkono huku ukimulika kwa tochi. Pistoni nzima huwa laini na ya kijivu, na pengine alama za mashine ya kiwandani bado zipo. Ukiona mistari mirefu ya mikwaruzo kutoka juu hadi chini, injini ilishanoki, na hakuna kabureta itakayoiokoa. Wauzaji wanalijua tundu hili. Asiyetaka ulifungue amekwisha kukujibu.

Pistoni ikiwa safi, nenda kwenye moto. Chenso nyingi za kabla ya miaka ya 1970 hutumia platini na kondensa chini ya gurudumu la sumaku. Zikikaa ghalani miaka 20, platini huota kutu isiyoonekana vizuri na cheche hupotea. Pitisha kipande cha msasa laini, futa kwa karatasi safi, rekebisha mwanya uwe karibu milimita 0.4, na mara nyingi moto hurudi siku hiyohiyo. Kondensa ikifa, moto huja injini ikiwa baridi na kutoweka ikipata joto. Sijui ubovu unaomdhalilisha fundi kuliko huo, kwa sababu kila akiifungua mashine, imeshapoa na kila kitu ni kizima.

Ubovu wa tatu ni wa hatari zaidi kwa kuwa chenso huwaka vizuri. Sili za kwenye kranki hukakamaa na kuvuta hewa. Mchanganyiko unakuwa mkavu, injini inapiga kelele ya juu na haitulii ukiachia mafuta, na mwenye nayo hufurahi akidhani imepata nguvu. Imepata homa. Dakika chache baadaye pistoni inashikana na silinda.

Mwaka 1959 ulikuwa wa neema. Stihl alitoa Contra, kilo 12, isiyo na gia: mnyororo ulizunguka moja kwa moja kutoka kwenye klachi, kasi ikapanda sana. Mwaka huohuo Husqvarna, kiwanda cha Sweden kilichoanza 1689 kwa kutengeneza bunduki, kikatoa chenso yake ya kwanza. Mwaka 1963 Homelite ya Marekani ikatoa XL-12, ambayo bila bamba na mnyororo haikufika kilo 6. Magamba ya magnesi ndiyo yaliyowezesha wepesi huo. Magnesi huchukia unyevu, hivyo XL-12 iliyohifadhiwa kwenye udongo huliwa na kutu nyeupe mpaka skrubu zinatoka na kipande cha mashine.

Wepesi na kasi vilidai malipo mikononi mwa watu. Wakata miti walianza kuona vidole vikigeuka vyeupe na kufa ganzi asubuhi za baridi, kwa sababu ya mtikisiko. Katikati ya miaka ya 1960 Stihl wakaanza kutenga vipini na injini kwa mipira, na Husqvarna wakafuata. Breki ya mnyororo, ile inayousimamisha mnyororo pale bamba linaporuka kuelekea uso wa mtumiaji, ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa maneno mengine, kwa miaka zaidi ya 40 watu walifanya kazi na mashine isiyo na breki. Nikiulizwa ni uvumbuzi gani ulichelewa kuliko yote, nitautaja huo kabla ya mwingine wowote.

Baada ya hapo majina yakaanza kufa au kumezwa. McCulloch ilifilisika mwaka 1999 na jina lake likaishia mikononi mwa Wasweden. Pioneer ya Canada nayo ilimezwa. Kampuni ikifa, spea zake hubaki kwenye masanduku ya wazee waliostaafu, na minyororo ya vipimo vya zamani, nusu inchi au 7/16, hupatikana kwa bahati. Ndiyo maana mkusanyaji mwenye akili hununua mashine mbili za aina moja: moja ya kuwaka, moja ya kuchinja.

Chenso isiyo na breki iwashwe, isikilizwe, ioneshwe watoto kwa mbali. Ya kupasulia mbao ni ile ya kisasa, na asiyekubali hilo asianze kukusanya. Ila wewe uliye na chenso yenye vumbi kwenye stoo ya babu, au kwenye ghala la misheni au la shamba la miti, usiwaite watu wa skrepa kesho. Soma kwanza jina na namba kwenye kibati, fungua bomba la moshi, utazame pistoni. Ikiwa safi, hiyo mashine bado ni nzima.