Praima inapovuja katika ndege ndogo

Harufu ya petroli ndani ya chumba cha rubani si jambo la kupuuzwa hata kidogo. Katika ndege ndogo za zamani, mojawapo ya sehemu za kwanza kuchunguzwa ni praima, yaani pampu ndogo ya mkono iliyofungwa chini ya dashibodi ya ndege kama Cessna 152, nyingi za Cessna 172 zilizoundwa hadi mwaka wa 1986, na Piper Super Cub.

Rubani anapoivuta pampu hiyo, hunyonya mafuta kutoka kwenye chujio. Anapoisukuma, mafuta hupitia bomba jembamba na kunyunyizwa kwenye njia ya hewa ya silinda moja au zaidi, ili injini baridi ipate cha kuwasha kabla kabureta haijaanza kazi yake sawasawa. Injini ikishanguruma, kishikio husukumwa ndani kabisa na kuzungushwa hadi kijifunge. Hapo kazi ya praima imekwisha hadi safari nyingine.

Mkazi wa Spring Valley, Loresho au Westlands aliye na ndege yake mwenyewe aghalabu huiegesha Wilson, upande wa pili wa jiji, kando ya Barabara ya Lang'ata. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka wa 1933 na baadaye ukapewa jina la Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka wa 1929. Ndege za enzi hizo aina ya Gipsy Moth ziliwashwa kwa njia nyingine: kijiti kidogo cha kabureta kilibonyezwa hadi petroli ikaanza kudondoka nje. Wakati huo kudondoka kwa mafuta kulikuwa ishara ya kwamba injini i tayari. Leo ni ishara ya kumwita fundi.

Praima huvuja kwa namna tatu. Ya kwanza ni kuvuja kuelekea kwa rubani. Pistoni yake huzibwa kwa ringi za mpira, na ringi hizo hukauka, zikawa ngumu na kupasuka kadiri miaka inavyopita. Hali ya hewa ya Nairobi huchangia kwa njia isiyotarajiwa. Kwa kuwa baridi kali ni ya asubuhi za Juni hadi Agosti tu, praima hukaa miezi mingi bila kuguswa, na mpira usiosogezwa wala kulowa hudhoofika. Siku inapovutwa, mafuta hupenya kando ya kishikio na kulowesha vidole. Petroli ya ndege aina ya 100LL hutiwa rangi ya samawati, hivyo doa la rangi hiyo chini ya dashibodi ni ushahidi wa kutosha. Ikumbukwe pia kwamba mafuta hayo yana madini ya risasi, mikono ioshwe.

Namna ya pili ndiyo ya hila zaidi, kwa sababu hakuna tone linaloonekana. Mafuta huvuja kuelekea kwenye injini, ama kwa kuwa rubani hakufunga kishikio barabara, ama kwa kuwa valvu za ndani ya pampu zimeingia uchafu au kuchakaa. Injini basi hunyonya petroli ya ziada kupitia praima. Uvutaji huo huwa mkubwa zaidi injini inapozunguka polepole, na hupungua rubani anapoipa nguvu zote. Kwa hiyo ndege inaweza kupaa bila dosari yoyote, kisha injini ikaanza kukohoa au hata kuzima rubani anapopunguza nguvu ili atue, akiwa chini na bila nafasi ya kuchagua pa kwenda.

Wilson iko takriban mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na mchanganyiko wa kabureta tayari huelekea kuwa na mafuta kupita kiasi. Marubani wa hapa wamezoea kuupunguza hata ndege ikitembea ardhini, na ni rahisi mno kuulaumu mwinuko kwa kosa la praima. Plagi huondoa shaka: zile za silinda zilizounganishwa na praima zikiwa na masizi meusi na nyingine zikiwa safi, mwinuko hauna hatia, kwani ungeziathiri zote. Dalili nyingine ni injini kuendelea kuzunguka baada ya wenzo wa mchanganyiko kuvutwa hadi mwisho. Hapo mafuta yafungwe kwenye valvu kuu, na mtu yeyote asikaribie rafadha.

Namna ya tatu ni ufa katika bomba lenyewe. Shaba inayotetemeshwa kwa miaka huwa ngumu na kukatika, hasa karibu na viungo, na petroli hudondoka juu ya injini yenye joto. Ndege ya namna hiyo isirushwe.

Kubadilisha ringi si kazi kubwa. Valvu ya mafuta hufungwa, nati ya kishikio hufunguliwa, pistoni huchomolewa, ringi mpya hupakwa grisi isiyoyeyushwa na petroli, kisha kila kitu hurudishwa. Kosa la kawaida ni kutumia ringi za duka la vipuri vya magari, ambazo huenda zikavimba zikikutana na mafuta ya ndege. Sehemu zitumike zilizoidhinishwa, na kazi ifanywe au ikaguliwe na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege Kenya (KCAA), ambaye huiandika kwenye daftari la ndege.

Wapo wenye ndege wanaouliza kama praima isiyotumika inaweza kuondolewa na bomba lake kuzibwa. Inawezekana iwapo mabadiliko hayo yameidhinishwa. Hata hivyo, rubani asiye na praima hushawishika kupampu wenzo wa nguvu wakati wa kuwasha, na petroli inayobaki kwenye kabureta yaweza kushika moto injini ikicheua. Likitokea hilo, stata iendelee kuzungusha injini ili miali ivutwe ndani, wala si kuruka nje mara moja.