Baiskeli za Alunguli

Tunapolalamika kwamba hali ya uchumi haituruhusu kuanzisha lolote, tuitazame Alunguli ya wakati wa vita. Oktoba 1998 waasi wa RCD waliuteka mji wa Kindu. Gari moshi la kutoka Lubumbashi likakoma. Chumvi, sabuni na nguo zikawa zinaletwa kwa ndege, kwa bei ambayo wengi hawakuiweza.

Alunguli iko ukingo wa kuume wa Lualaba, mkabala na Kasuku, na njia ya kwenda Kalima huanzia huko. Aliyekuwa na baiskeli alikuwa na mtaji. Mawese na mchele vilifungwa juu yake, ikasukumwa zaidi ya kupandwa, kisha mzigo ukavushwa kwa mtumbwi hadi masoko ya ng'ambo. Tusiipambe biashara hiyo: faida ilikuwa ndogo, na wenye bunduki waliweza kuinyang'anya yote njiani. Hata hivyo walikuwapo walioianza katikati ya dhiki hiyo, wakinunua palipo na wingi na kuuza palipo na njaa.

Treni ilirudi Kindu mwaka 2004. Baiskeli zilikuwa zingali barabarani.