Kitabu cha Mtoto Asiye na Nyumba

Siku moja kabla ya Krismasi ya mwaka 1985, sanamu za familia moja ziliingia Washington kutoka Baltimore. Mwanamume, mwanamke na mtoto mchanga, wote Weusi, walikuwa wamejilaza pamoja juu ya wavu wa chuma wa kando ya barabara, ule unaopitisha mvuke wa mabomba ya chini ya ardhi na kuwapa joto watu wanaolala nje wakati wa baridi. Aliyezitengeneza ni mchongaji James Earl Reid. Aliyeziagiza ni Mitch Snyder na chama chake, Community for Creative Non-Violence, kilichokuwa kikiwahudumia wasio na makazi wa mji huo tangu miaka ya 1970. Snyder alitaka kisa cha kuzaliwa kwa Yesu kisimuliwe upya, safari hii kwa familia ya Kimarekani isiyo na pa kulala.

Namna sanamu hizo zilivyopatikana inafaa kusimuliwa bila haraka. Snyder alimpeleka Reid mitaani, akamwonyesha kwamba watu wa kwenye nyavu hawaketi wala hawasimami. Hulala, ili mwili wote upate joto. Kuanzia hapo michoro ya Reid ikawa ya watu waliojilaza tu. Reid alipendekeza mali ya familia iwekwe katika masanduku au mifuko. Chama kikakataa, kikashikilia iwe toroli la supamaketi. Kisha, kwa shauri la Snyder, Reid akaitembelea familia iliyokuwa ikiishi katika makao ya chama. Aliamua kwamba anayemfaa kuigwa ni mmoja tu kati yao, mtoto aliyezaliwa karibuni.

Baadaye wawili hao wakagombana. Snyder alitaka kuzizungusha sanamu katika miji mingine, Reid akasema hazitahimili safari, na kila mmoja akadai kuwa hakimiliki ni yake. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Juni 1989 Jaji Thurgood Marshall aliandika hukumu kwamba Reid hakuwa mwajiriwa wa chama, na wanafunzi wa sheria wanaisoma hukumu hiyo mpaka leo. Mabishano yote yalikuwa kati ya msanii na mteja wake. Familia iliyotoa sura ya mtoto inatajwa kwa kupita tu.

Nimeanza hapa kwa sababu vitabu vya watoto vilivyokuja baada ya hapo vilikuta swali lilelile njiani: picha ya mtu asiye na nyumba inachorwa kwa ajili ya nani?

Washington ya miaka hiyo ilikuwa haiwezi tena kufumba macho. Mwaka 1984 Snyder aligoma kula kwa siku 51, hadi serikali ya Rais Reagan ilipokubali, siku mbili kabla ya uchaguzi, kulikarabati jengo la zamani la chuo karibu na Bunge liwe makao. Machi 1987 wabunge kadhaa walilala nje usiku mmoja wa baridi pamoja na wanaharakati. Mmoja wao, Stewart McKinney wa Connecticut, alikuwa mgonjwa tayari na alifariki Mei mwaka huohuo. Sheria ya kwanza kubwa ya taifa ya kuwasaidia wasio na makazi, iliyotiwa saini tarehe 22 Julai 1987, ilipewa jina lake.

Ndani ya sheria hiyo mlikuwa na sehemu ya elimu. Mtoto asiye na anwani asizuiwe shule kwa sababu hana anwani. Marekebisho ya 1990 yaliiongezea nguvu, na yale ya 2001 yakaitaka kila wilaya ya elimu iwe na mtu wa kuwashughulikia wanafunzi hawa. Leo shule za Marekani huwatambua zaidi ya milioni 1 kila mwaka, wakiwemo wanaojibana na familia nyingine kwa kukosa kodi. Kwa mwalimu maana yake ni hii: anapofungua kitabu kuhusu watu wasio na makazi, huenda mmoja wa wasikilizaji ametoka makaoni asubuhi hiyo.

Mwaka 1991 vilitoka vitabu viwili vya picha vilivyosimama pande mbili za jambo hili. Katika *Uncle Willie and the Soup Kitchen* cha DyAnne DiSalvo-Ryan, mvulana anafuatana na mjomba wake mahali pa kugawa chakula cha bure. Ni kitabu chema, lakini mtoto wake anasimama upande wa anayepakua. *Fly Away Home* cha Eve Bunting, chenye picha za Ronald Himler, kinamwachia mtoto mwenyewe aseme. Yeye na baba yake wanaishi uwanja wa ndege. Wanavaa nguo za buluu, wanahama kutoka jengo hadi jengo, wanajitahidi wasitambulike. Bunting, mhamiaji kutoka Ireland, hakumpa mtoto huyo nyumba mwishoni, na naamini alifanya sawa. Watoto wengi wanaomsikiliza hawajaipata bado.

Mwaka 2004 Monica Gunning alifuata njia ya Bunting katika *A Shelter in Our Car*, hadithi ya Zettie, msichana kutoka Jamaika anayelala garini na mama yake na kuchekwa na wenzake shuleni. *I See You* cha Michael Genhart kilitolewa 2017 na Magination Press, tawi la vitabu vya watoto la chama cha wanasaikolojia chenye makao yake Washington. Hakina neno hata moja ndani ya hadithi, hivyo mtoto anayezungumza Kiamhara au Kiswahili huko Silver Spring, kitongoji cha Washington, anaweza kukisoma sawa na mwingine yeyote. Hata hivyo mwanamke asiye na nyumba anaonekana humo kwa macho ya mvulana mwenye nyumba. Kinafundisha huruma, nami sikidharau. Lakini kwangu kitabu bora ni kile ambacho mtoto aliyelala makaoni anaweza kukisikia darasani bila kuinamisha kichwa.

Na lazima kimfikie. Mwaka 1966 Margaret McNamara, aliyekuwa mwalimu, aliwafundisha wavulana wa Washington kusoma akagundua hawakuwahi kumiliki kitabu. Ndipo akaanzisha shirika la kuwapa watoto vitabu, Reading Is Fundamental. Miaka 26 baadaye Kyle Zimmer, wakili aliyejitolea Martha's Table, mahali panapolisha watoto mjini humo, alikuta hali ileile, na shirika jingine la vitabu, First Book, likazaliwa. Mwaka 2003 shirika la Playtime Project lilianza kuweka vyumba vya michezo ndani ya makao ya familia za Washington. Kubwa kati ya makao hayo lilikuja kuwa D.C. General, hospitali iliyofungwa 2001, ambamo zaidi ya familia 200 zilirundikwa.  Makao hayo yalifungwa 2018, yakafuatwa na mengine madogo yaliyotawanywa mjini.

Huku kwetu Afrika Mashariki, Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianza 1991, mwaka uleule wa vitabu vya DiSalvo-Ryan na Bunting. Tunao watunzi, tunao wachoraji, na tunao watoto wanaolala vibarazani Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi. Anayetaka kuwaandika kwa Kiswahili na aende kwanza akakae nao, awasomee rasimu yake na kuwaonyesha picha, na wakimwambia sivyo, airekebishe kabla haijafika kwa mchapishaji.