Njia za Bara Katika Vitabu Vinne

Mtu asomaye vitabu vingi kwa mfululizo hupatwa na jambo moja la ajabu, nalo ni kwamba vitabu vyenyewe huanza kujibizana. Katika miezi ya karibuni nimesoma vinne, viwili kwa kurudia na viwili kwa mara ya kwanza, na vyote vyahusu njia za misafara zilizotoka pwani yetu kwenda bara. Kimoja ni maisha ya mfanyabiashara, kimoja ni hadithi ya watumwa waliokombolewa, kimoja ni riwaya, na kimoja ni utafiti wa historia. Kilichonifanya nivitafute vyote kwa pamoja ni swali la mwanafunzi, ambalo nitalieleza mahali pake.

Cha kwanza ni maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye wengi humjua kwa jina la Tippu Tip. Aliyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu, uzeeni mwake huko Unguja, kwa ombi la Mjerumani Heinrich Brode. Brode aliyageuza kwa herufi za Kirumi akayachapisha Berlin katika miaka ya 1902 na 1903 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Mwandishi alifariki mwaka 1905. Wasomi wa Afrika ya Mashariki walikipata kitabu hasa kwa mkono wa W. H. Whiteley, aliyekitoa pamoja na tafsiri ya Kiingereza kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki katika 1958 na 1959.

Sijui kitabu kingine cha nathari ya Kiswahili cha zama zile kinachokwenda mbio kama hiki. Lugha yake ni ya mtu aliyezoea kuamuru na kuhesabu mali. Hana pambo, hana majuto, wala hamsubiri msomaji. Anafika mji, anapigana, anapata pembe, anaondoka. Na kitenzi chenye -ka- hukokota kitenzi kingine kama wapagazi waliopangwa njiani. Kwa miaka kumi na mitano nimekisomesha kama kielelezo cha masimulizi. Nimewaambia wanafunzi watazame namna sentensi fupi inavyoweza kubeba tendo kubwa. Sikuwaambia watazame ni nani aliyekuwa akibeba pembe.

Masimulizi niliyoyapenda kuliko yote ni yale ya Utetera. Katika miaka ya 1870 Tippu Tip alikuwa magharibi ya Ziwa Tanganyika, na huko akasikia kwamba zamani wanawake wawili wa nyumba ya mtawala Kasongo walitekwa vitani wakapelekwa mbali, wasionekane tena. Aliposikia hayo akajitokeza na nasaba mpya: alisema kwamba mmoja wa wanawake wale alinunuliwa na babu yake, na kwamba yeye ni mjukuu wa damu ile. Mzee Kasongo akampokea kama mwana aliyerejea, akamwachia utawala, na pembe za nchi zikaanza kuletwa kwake. Wanahistoria kwa kawaida wameihesabu nasaba ile kuwa hila. Mwandishi mwenyewe anaisimulia kwa utulivu mkubwa, kama mtu aelezaye namna alivyopata bei nzuri sokoni.

Darasani sura hii huleta kicheko kila mwaka, na mimi hucheka pamoja nao. Mwaka jana, kicheko kilipotulia, binti mmoja aliyekaa nyuma aliuliza, "Mwalimu, ikiwa habari ya bibi yake ilikuwa ya uongo, wale wanawake wa kweli walikwenda wapi?" Nilijibu kwa maneno ya kialimu: nikasema matini haielezi, nikageukia zoezi. Lakini jibu lile halikunitosha hata kufika mlangoni. Wanawake wawili walitekwa, na kupotea kwao kukamletea mtu mwingine ufalme. Nami kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikiyasomesha hayo kama kichekesho.

Niliporudi nyumbani nilikisoma tena kitabu kizima, safari hii nikiwatafuta watu wasiosema. Wamo wengi. Mwanzoni kabisa wamo Wazaramo waliokodiwa kubeba mizigo, nao wakatoroka njiani. Tippu Tip aliwafuata mpaka vijijini kwao, akawakamata, akawafunga, na kwa tendo hilo akapata lakabu ya Kingugwa, yaani chui. Aya ile niliwahi kuipa wanafunzi waichambue viambishi.

Ndipo nilipokichukua tena kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934. Hiki ndicho kitabu ambacho wahakiki wengi wa Kiswahili hukitaja kwa kukidharau, nami nimepata kuwa mmoja wao. Chaeleza habari za watu walionyakuliwa makwao bara, wakapakiwa majahazini, wakaokolewa na manowari ya Kiingereza, wakafikishwa Frere Town karibu na Mombasa. Makao hayo yalianzishwa na wamisionari mwaka 1875, miaka miwili baada ya Sayyid Barghash kuukubali mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja. Kasoro za kitabu ni dhahiri. Mwingereza ni mkombozi asiye na doa, Mwarabu ni mnyang'anyi asiye na moyo, na mlango wa uhuru ni mmoja tu, nao unapitia shule ya misheni. Hakuna neno la maana juu ya walionunua pembe na karafuu, wala juu ya sheria zilizochelewa: hali ya utumwa haikufutwa kisheria Unguja mpaka 1897, pwani ya Kenya mpaka 1907, na Tanganyika mpaka 1922.

Hata hivyo sikuweza safari hii kukidharau. Mbotela alikuwa mtoto wa watu wa Frere Town. Alichokiandika kilikuwa mazungumzo ya wazee wake, na katika mazungumzo hayo mtumwa ana kijiji alichotoka, ana ndugu aliyetenganishwa naye, na ana hofu ya bahari ambayo hajapata kuiona. Tippu Tip alikuwa na nathari bora mara kumi; Mbotela alikuwa na watu. Naona ni haki kusema kwamba tuliopima vitabu hivi kwa mizani ya ufundi peke yake tulipima nusu ya mzigo.

Cha tatu ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah. Ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994 kwa jina la Paradise, ikafasiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupewa Tuzo ya Nobel. Nilikuwa nimeiepuka riwaya hii kwa Kiingereza kwa ukaidi tu, nikijiambia kwamba Mzanzibari angeniandikia kwa lugha yangu. Sasa nimeisoma na sijutii kungoja. Maneno kama mnyapara na seyyid, ambayo katika Kiingereza yalikaa barazani kama wageni, hapa yameingia ndani yakavua viatu.

Yusuf, kijana wa miaka kumi na miwili, anapelekwa na tajiri Aziz aliyemzoea kumwita mjomba. Ni mwenzake Khalil dukani amwelezaye ukweli kwamba tajiri si mjomba wake: baba yake anadaiwa, naye ndiye rehani. Hapo nilikiweka kitabu chini. Sote twalijua neno rehani. Wazee wetu waliweka minazi, wakaweka nyumba, wakaweka vidani vya wake zao. Gurnah anaonyesha kuwa mtu naye aliwekwa, tena kwa adabu, kwa salamu na sarafu mkononi, bila mnyororo hata mmoja. Na Amina, aliyelelewa kama dada yake Khalil, analipia deni kwa kuolewa na tajiri mwenyewe. Katika vitabu vyote vinne hapana mtu aliyeninyima usingizi kama yeye.

Wahakiki wameonyesha kwamba Gurnah alivitumia vitabu vya kale vya Waswahili, yakiwamo maisha ya Tippu Tip na masimulizi ya safari yaliyokusanywa na Carl Velten. Msomaji wa asili zile huona njia ileile, hongo ileile, na watawala wa bara wanaomkaribisha mgeni na kumshuku kwa wakati mmoja. Tofauti ni kwamba safari hii twaitazama kwa macho ya mmoja wa waliowekwa rehani. Lawama yangu ni moja. Gurnah amempa sauti mtoto wa dukani, lakini wapagazi wake bado ni kundi. Wanaugua, wanalalamika, wanapigwa, na mnyapara Mohammed Abdalla ana sura iliyo wazi kuliko wote wanaomtii. Mwisho wa riwaya, Yusuf anaikimbilia safu ya askari wa Kijerumani, nao ulinikasirisha. Siku ya pili nikaona kwamba mwandishi hakuwa na njia nyingine ya kumpa.

Kwa hiyo nililazimika kwenda kwa mwanahistoria. Stephen Rockel alitoa mwaka 2006 kitabu cha Kiingereza juu ya kazi ya upagazi katika karne ya 19, nacho kimenisahihisha mahali ambapo sikutazamia. Nilikwisha kujizoeza kuona kila mbeba mzigo kuwa mtumwa. Rockel athibitisha kwamba katika njia kuu ya kati wengi wao, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliokubaliana ujira. Walijua thamani ya mabega yao, walibeba yapata frasila mbili kwa mtu, walidai posho, waligoma ilipopunguzwa, na walijisifu kwa kuiona bahari. Wanawake nao walisafiri humo kwa shughuli zao wenyewe. Kutoroka kulikuwa silaha ya mfanyakazi. Basi Wazaramo wale wa Tippu Tip hawakuwa wavivu wala wezi kama nilivyowasoma ujanani. Pengine walikuwa wamevunja mkataba ambao wao waliuona umekwisha kuvunjwa.

Lakini kitabu hiki nacho kina mpaka wake. Hoja yake ina nguvu kati ya pwani na Tabora. Magharibi ya Ziwa Tanganyika, huko Manyema na Utetera, aghalabu bunduki ndiyo iliyokuwa ikiajiri, na pembe nyingi zilibebwa na mateka. Mabega ya huko hayakuandikiwa ujira katika daftari la mtu, na mwanahistoria hana budi kufuata daftari. Wanawake wawili wa nyumba ya Kasongo hawamo katika kitabu cha Rockel, wala hawakuweza kuwamo.

Nimerudi kwa mwanafunzi wangu na vitabu vitatu mkononi badala ya jibu. Alivichukua, akasoma cha Mbotela kwanza, akaniambia kwamba wahakiki tumekionea. Muhula huu nimeirudisha sura ya Utetera darasani, na swali lake nililiandika ubaoni kabla mtu hajafungua ukurasa. Walicheka bado, palepale walipokuwa wakicheka wenzao wa miaka iliyopita, kwa sababu Tippu Tip anajua kusimulia. Kisha mmoja akatazama ubao.