Garsen na sheria ya pesa za kampeni iliyoahirishwa kila uchaguzi

Anayetaka kuwa mwakilishi wadi wa Kipini Magharibi au Garsen Kusini, katika eneobunge la Garsen, kaunti ya Tana River, hulipa tume ya uchaguzi, IEBC, ada ya shilingi 5,000. Akiwa mwanamke, kijana au mtu mwenye ulemavu, hulipa nusu yake. Katika safari nzima ya kutafuta kura, hiyo ndiyo hela ambayo serikali imeiwekea kiwango na kiwango kikafuatwa. Zilizobaki, za mafuta, za boti, za bodaboda, za wali wa mkutano, za rambirambi msibani, hazina mpaka wala daftari. Si kwamba Kenya haina sheria. Inayo tangu 2013, na chaguzi kuu mbili zimepita bila kutumika.

Wazo lenyewe ni kongwe kuliko Kenya. Mwaka 1883 bunge la Uingereza, likichoshwa na wagombea waliokuwa wakinunua miji mizima, liliweka kikomo cha matumizi kwa kila mgombea na kumtaka awasilishe hesabu. Koloni likarithi sehemu ya fikra hizo, hasa zile za kukataza hongo. Ukiisoma Sheria ya Uchaguzi ya 2011 kama ilivyopitishwa, utakuta kosa la kumlisha na kumnywesha mpiga kura kwa nia ya kupata kura yake, maneno ambayo mzee yeyote wa Ngao au Tarasaa angeyaona ya ajabu. Mgeni mwenye shida yake aje kijijini mikono mitupu? Mkono mtupu haulambwi, na hapa ndipo sheria na desturi zilipoanza kutazamana kwa jicho la pembeni.

Zamani za baraza la kaunti ya Tana River lililokuwa na makao yake Hola, chini ya ile Sura ya 265 ya sheria za serikali za mitaa, diwani hakuwa na mengi ya kugawa. Baraza liliishi kwa ushuru wa masoko na mazao na ruzuku kutoka Nairobi. Kiti kilikuwa cha heshima zaidi kuliko cha mali, na anayekipigania hakuwa na sababu ya kuuza ng'ombe wake wote.

Kisha kukaja mlolongo. Mwaka 1988, katika mchujo wa KANU, chama pekee wakati huo, wapiga kura walipanga foleni nyuma ya mgombea wao au picha yake, wakahesabiwa mchana kweupe. Mengi yameandikwa kuhusu wizi wa mwaka ule, lakini jambo moja halitajwi sana: foleni ni neema kwa mnunuzi wa kura. Anamwona aliyemlipa amesimama wapi. Kura ya siri iliporudi 1992, pamoja na vyama vingi, mnunuzi akawa gizani, na dawa yake ikawa kumwaga pesa nyingi zaidi ili hata wachache watakaotimiza ahadi watoshe. Hapo ndipo kundi la YK'92, likiongozwa na Cyrus Jirongo, lilipoifanyia kampeni KANU kwa kumwaga noti hadi ile ya mia tano ikabatizwa jina la Jirongo. Tangu hapo mpiga kura wa Kenya anajua kwamba mwanasiasa huja na kitu, na mwanasiasa anajua kwamba mpiga kura anajua.

Katiba ya 2010 ilijaribu kulifunga pengo hilo. Ibara ya 88 inaipa IEBC jukumu la kudhibiti kiasi kinachoweza kutumiwa na mgombea au chama. Lakini katiba hiyohiyo ilileta ugatuzi, na ugatuzi ukapandisha bei ya kila kiti. Tana River ikapata gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake na bunge la kaunti lenye wadi 15, sita kati yake zikiwa Garsen. Bajeti ambayo diwani wa zamani hakuiota sasa inapitishwa Hola. Miezi michache kabla ya uchaguzi wa kwanza wa Machi 2013, damu ilimwagika kwenye delta: Riketa mwezi Agosti 2012, Kilelengwani Septemba, Kipao Desemba. Ugomvi wa Wapokomo na Waorma juu ya mashamba, malisho na njia za kufikia mto ni wa miaka mingi, ila si rahisi kuamini kwamba viti vipya havikuuchochea. Serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Grace Nzioka.

Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi ilipitishwa mwishoni mwa mwaka uleule wa uchaguzi. Kwenye karatasi ni nzuri. Mgombea afungue akaunti maalumu na awe na kamati ya matumizi. Mchango wa mtu mmoja usizidi asilimia 20 ya michango yote. Pesa isiyojulikana mtoaji haipokelewi. Hata harambee imekumbukwa: iandikwe ilifanyika wapi, lini, nani aliiandaa na zilipatikana ngapi. Na IEBC inapopanga kikomo, itazame sura ya nchi, idadi ya watu na hali ya mawasiliano.

Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachoigusa Garsen. Kaunti ina zaidi ya kilomita za mraba 35,000 na sensa ya 2019 ilihesabu watu 315,943, yaani ni nchi pana yenye watu wachache waliotawanyika. Mgombea akitoka Minjila kuelekea Ozi, karibu na mahali Tana inapoingia baharini, hawezi kutegemea gari mpaka mwisho. Mvua ikinyesha tope jeusi hushika magurudumu, na kilichobaki ni boti. Mwenye boti anataka pesa ya petroli mkononi au kwenye M-Pesa, na ukimwomba risiti atakutazama kama mtu aliyepungukiwa. Akifika, mgombea hukuta msiba, shule isiyo na madawati, mgonjwa wa kupelekwa Malindi. Kila anachotoa hapo ni wema, na kila kimoja ni kampeni. Sheria inataka kuvitenganisha. Kijiji hakioni haja.

Wako wanaosema wazee hupunguza gharama. Baraza la Gasa la Wapokomo na lile la Matadeda la Waorma yakimbariki mtu mapema, wapinzani hupungua. Ni kweli kwa kiasi, ila baraka nayo hutafutwa kwa safari na vikao, na kikao bila chakula si kikao.

Sasa hadithi ya sheria yenyewe. Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2017, bunge liliisimamisha hadi uchaguzi upite. Agosti 2021 IEBC ilichapisha viwango vipya, mgombea urais akipangiwa shilingi bilioni 4.4, na walio chini yake kulingana na eneo. Mwezi Oktoba Bunge la Taifa likavifuta, hoja ikiwa kanuni hazikufikishwa mezani kwa wakati. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ikasema haikuwa halali kuifunga tume kwa idhini ya wabunge, lakini kura zilikuwa mlangoni na mwaka huo pia ukapita bila kikomo. Hoja ya tarehe ilikuwa na uzito kisheria. Hata hivyo, walioipima ni watu ambao wao wenyewe wangebanwa na viwango hivyo mwaka uliofuata, na sikumbuki waliharakisha kuandaa vingine.

Aliyeumia si mbunge. Mbunge ana hazina ya maendeleo ya eneobunge, NG-CDF, yenye basari na madarasa ya kuzindua, na tangu 2003 wabunge wamekuwa na hazina ya aina hiyo bila kuihesabu kama gharama ya kampeni. Anayeumia ni mwalimu wa Idsowe au mama wa kikundi cha akiba anayetaka kiti cha wadi kwa ada yake ya 2,500, akakuta mpinzani amekwisha kukodi boti zote za wiki ya mwisho. Hakuna pa kumshitaki, kwa sababu hakuna kiwango alichokivuka.

Sheria inataka kanuni za matumizi ziwe zimetolewa angalau miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu. Kwa uchaguzi wa tarehe 10 Agosti 2027, hesabu inaangukia Agosti 2026.